Sura ya 4: Parseli ya Baba Inabaki kwa Nani?

Matanga yakiisha, turubai likishushwa na viti vya kukodi vikirudishwa, familia nyingi za Katoyi huingia ndani kujadili jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja mbele ya wageni: parseli inabaki kwa nani? Kifungua mimba anaona jibu liko wazi, ni yeye. Baba mdogo anakumbusha kwamba marehemu alianzia maisha mjini kwa pesa ya ng'ombe wa ukoo. Dada aliyeolewa Ndosho anaambiwa fungu lake liko kwa mumewe. Mama, ambaye miaka yote aliuza unga na maharage ili mabati yanunuliwe, anaulizwa mwisho, kama anaulizwa.

Kila mmoja wao ana hoja, na kila hoja inatoka mahali. Ya kifungua mimba na ya baba mdogo zinatoka kwenye desturi, ingawa ni desturi mbili tofauti. Ya mama iko kwenye sheria ya nchi, japo mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba iko upande wake. Sura hii inafuata hoja hizo hadi zilikoanzia, na njiani inapita Bushi, Masisi, Kinshasa, na hata Uingereza ya karne ya 15.

Marehemu mmoja, ardhi mbili

Katoyi ni kartie ya komini ya Karisimbi, mjini Goma. Lakini mtu akisema "naenda Katoyi" kwenye kituo cha magari, itabidi aulizwe ipi, kwa sababu Katoyi nyingine ni sekta ya teritware ya Masisi, huko milimani. Majina hayo mawili yanafaa sana kueleza tatizo lenyewe. Wakazi wengi wa Goma wana mguu mmoja mjini na mwingine kijijini: huku parseli yenye nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kule shamba la viazi, maharage au malisho ya ng'ombe.

Mzee akifariki, ameacha vyote viwili. Ya mjini huenda ina karatasi. La kijijini lina majirani wanaojua mpaka unapita kwenye mti gani, na lina mwami, yaani mtawala wa jadi, ambaye babake mzee alimpelekea mbuzi miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana haiwezekani kujua nani atamfuata marehemu kwenye ardhi kabla ya kujua marehemu mwenyewe aliipata kwa nani.

Mbuzi, ng'ombe na pombe ya ndizi

Katika falme za zamani za Kivu, mkulima hakununua ardhi kama anavyonunua jembe. Alipewa nafasi ndani ya utawala, na ardhi ilikuja pamoja na nafasi hiyo.

Mfano unaojulikana zaidi uko Bushi, kusini-magharibi mwa Ziwa Kivu, katika himaya za Kabare na Ngweshe. Ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mwami. Chini yake walikuwepo wakuu na wakuu wadogo, kila mmoja akigawa sehemu aliyogawiwa. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alitoa kalinzi, yaani malipo ya ng'ombe au mbuzi kwa mkuu mbele ya mashahidi. Kwa kalinzi alipata mambo mawili kwa mpigo: haki ya kulima na kuwaachia wanawe, na utii kwa mkuu yule. Asiye na uwezo huo alichukua bwasa, ambayo ni kama kukodi: analima mazao ya msimu, anatoa sehemu ya mavuno au siku za kazi, na haruhusiwi kupanda migomba. Katazo hilo la mgomba lina akili yake. Mgomba hudumu miaka mingi, na aliyeupanda angeweza siku moja kudai kwamba ardhi chini yake ni yake pia.

Upande wa kaskazini, Bwisha katika Rutshuru na milima ya kaskazini mwa Rwanda, mzizi wa haki ulikuwa panga na shoka. Aliyefyeka msitu wa kwanza aliitwa mukonde, na ardhi yake, ubukonde, ikawa ya ukoo wake. Waliofika baadaye wakiomba mahali pa kulima waliitwa abagererwa. Walipokelewa, wakapewa kipande, na kila mwaka wakapeleka pombe, mazao au nguvu za mikono yao. Mjukuu wa mukonde alirithi ardhi pamoja na wapangaji wake. Mjukuu wa mugererwa alirithi kipande pamoja na deni la heshima lisilokwisha.

Watu wa aina ya mukonde hawakuwa wafalme, wala hawakuwa wakulima wa kawaida. Walikuwa tabaka la katikati: wenye ardhi ya kutosha kuwagawia wengine, wenye jina kijijini, wenye sauti katika kesi. Kwa Kiswahili cha leo mtu angewaita makabaila wadogo. Mtawala wa Rwanda naye alikuwa na njia yake ya kutengeneza tabaka hilo: aliwapa watumishi wake eneo la malisho na watu waliomo, lililoitwa igikingi. Kilichotolewa kwa hisani ya mfalme, mfalme aliweza kukinyang'anya, na hapo ndipo mwenye igikingi alipotofautiana na mukonde, ambaye alimtazama mfalme kama mtu aliyekuja baadaye.

Kwa kifupi: haki ya shamba ilitokana na mojawapo ya mambo matatu, yaani malipo kwa mkuu, kufyeka msitu, au hisani ya mtawala. Kila moja lilikuwa na namna yake ya kurithishwa na namna yake ya kupotea.

Munani wa kijana, na binti aliyerudi

Ndani ya familia, mgawanyo haukusubiri kifo. Katika desturi ya Kinyarwanda, ambayo familia nyingi za Rutshuru na Masisi zinaifahamu, kijana akioa baba humkatia kipande cha kujengea na kulima, umunani. Vijana wanne, vipande vinne. Kinachobaki kinawalisha wazee hadi mwisho, na mara nyingi huangukia mtoto anayekaa nao.

Mpango huu ulifanya kazi vizuri mradi kulikuwa na mlima mwingine wa kufyeka. Msitu ulipokwisha, umunani ulianza kukatwa kutoka kwenye umunani. Babu aliyepata mlima mzima alizaa baba aliyepata ubavu wa mlima, naye akazaa kijana anayepata mistari michache ya viazi na simu ya rafiki anayemwambia kuna kazi ya kusukuma chukudu Goma.

Binti hakuwekwa kwenye hesabu hiyo. Angeolewa, angelima kwa mumewe, na watoto wake wangekuwa wa ukoo mwingine. Kumpa ardhi kulionekana kama kuihamisha nje ya ukoo. Hata hivyo desturi haikuwa na moyo mgumu kama wanavyodai baadhi ya kaka wa leo: binti aliyeachwa akarudi nyumbani alikatiwa kipande cha kulima, asile kwa kuomba. Kaka anayemnyima dada yake kila kitu "kwa sababu ya desturi" anakumbuka nusu tu ya desturi yenyewe.

Rwanda ilifunga mjadala huo kwa sheria ya urithi ya mwaka 1999, iliyowapa mabinti haki sawa na wavulana. Mtu wa Goma anayevuka mpaka kwenda Gisenyi anakuta jambo hilo limekuwa la kawaida ofisini, hata kama nyumbani ubishi haujaisha.

Bibi Margaret na pinde zake

Msomaji anaweza kudhani hayo ni mambo ya Afrika. Atazame basi mkoa wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza.

Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Mabwana wakubwa walishika kutoka kwake, wadogo wakashika kutoka kwa wakubwa. Mrithi wa shamba la kijeshi hakuingia bure, alimlipa bwana wake ada ya kuingia, na hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 ililazimika kuweka kiwango cha juu, shilingi 100 kwa shamba la askari mmoja wa farasi, kwa sababu wafalme walikuwa wakidai walivyotaka. Mtu wa Bushi aliyemchunga ng'ombe wa kalinzi angeelewa mambo hayo bila mkalimani.

Tofauti ilikuwa kwa watoto. Waingereza wenye mashamba walifuata desturi ya kifungua mimba wa kiume kuchukua yote. Wadogo zake walitafuta maisha kwenye upadri, sheria, biashara au vita. Kama hapakuwa na mtoto wa kiume, mabinti waligawana sawa. Mjane alipewa theluthi ya ardhi ya mumewe aitumie maisha yake yote. Mkoa wa Kent ulijulikana kwa kugawa sawa kwa wavulana wote. Desturi ya kifungua mimba ilipunguza ugomvi wa kukata vipande, lakini ikaongeza ugomvi wa kujua nani hasa ni mrithi, na hilo linaonekana wazi katika familia ya Paston.

Akina Paston walikuwa watu wa juzijuzi. Clement Paston alikuwa mkulima, mwanawe akasoma sheria akawa jaji, na ukoo ukapanda. Maadui zao hawakuacha kunong'ona kwamba asili yao ni utumwa wa shamba. Mwaka 1448 bwana mmoja mkubwa, Lord Moleyns, alichukua shamba lao la Gresham kwa nguvu. Margaret Paston, mke wa mwenye shamba, alibaki huko akijilinda huku mumewe John akihangaika mahakamani London. Alimwandikia barua akimwomba pinde za mtambo na mishale yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa fupi na pinde ndefu zisingefaa ndani. Katika barua hiyo hiyo akamwomba pia lozi na sukari. Vita au amani, jiko lilikuwa halijafungwa.

Kisha likaja jambo kubwa. Sir John Fastolf, tajiri asiye na mtoto, alifariki mwaka 1459, na John Paston akatangaza kwamba siku za mwisho mzee alimwachia ngome ya Caister na mali nyingine kwa wosia. Wengine wakasema wosia huo ni wa kutungwa. Kesi ilidumu miaka. Mwaka 1469, John akiwa amekwisha kufa na mwanawe akiwa mrithi, Mtawala (Duke) wa Norfolk alichoka kusubiri mahakama, akaizingira ngome kwa jeshi na kuichukua. Akina Paston waliirudisha mwaka 1476, mtawala yule alipofariki.

Mtu aliyeishi Masisi katika miaka ya tisini na baada yake hahitaji maelezo ya ziada kuhusu thamani ya karatasi mbele ya wenye silaha.

Ofisi iliyokaa juu ya mwami

Mwaka 1885, wakati Mfalme Leopold wa Pili anaanza kuitawala Kongo kama mali yake, amri moja ilisema kwamba ardhi tupu ni ya dola. Tupu kwa macho ya nani? Shamba linalopumzishwa miaka mitano, malisho ya kiangazi, msitu wa kuwinda na kuchuma dawa: vyote vilionekana tupu kwa mtu aliyetafuta nyumba na jembe tu.

Kivu ilihisi amri hiyo zaidi baada ya mwaka 1925, Hifadhi ya Albert, leo Virunga, ilipoundwa, na mwaka 1928 ilipoanzishwa Kamati ya Kitaifa ya Kivu, shirika la kuwagawia walowezi wa Kizungu mashamba ya kahawa, chai na pareto. Mashamba hayo yalihitaji mikono. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ilihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi, na ikawatengea himaya ya Gishari ndani ya nchi ya Wahunde. Mwaka 1957 himaya hiyo ilivunjwa. Watu waliopewa ardhi na ofisi ya Wabelgiji wakajikuta chini ya wami ambao hawakuwahi kuwapelekea mbuzi, na wami wakajikuta na raia ambao hawakuwapokea wao. Pande zote mbili ziliachiwa mzigo na mtu wa tatu aliyepanda ndege akaenda zake.

Baada ya uhuru dola haikurudi nyuma, ilisonga mbele. Sheria iitwayo Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, iliirudishia serikali mamlaka juu ya ardhi zilizogawiwa enzi za ukoloni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikamaliza: udongo wote wa nchi ni mali ya dola, peke yake, milele. Mtu binafsi anaweza kupewa haki ya kuutumia, inayoitwa konsesyo. Mkongo hupewa konsesyo ya kudumu, anayoweza kurithisha. Haki hiyo husimama kisheria kwa karatasi moja tu, cheti cha usajili.

Na mashamba ya vijijini, yale ya kalinzi na ya ukoo? Kifungu cha 387 kilisema nayo yamekuwa ardhi ya dola. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wakulima hao zitapangwa kwa amri ya Rais. Zaidi ya miaka arobaini ilipita bila amri hiyo kutoka. Mamilioni ya wakulima waliendelea kulima na kurithishana mashamba ambayo sheria iliyatambua kwa ahadi. Mwenye pesa aliyejua njia ya ofisini aliweza kuomba cheti juu ya mlima uliojaa watu, kwa maandishi yanayosema ni mtupu. Mwaka huo huo wa 1973, mwezi Novemba, mashamba ya wageni yalipotaifishwa na kugawiwa Wazaire, milima mizima ya Masisi ilihamia kwa watu wachache walio karibu na utawala, na mingi ikageuzwa malisho. Tabaka la makabaila wadogo likarudi, safari hii na cheti mkononi badala ya panga.

Katiba ya mwaka 2006 ililegeza kamba kidogo: kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Mawakili wa Goma wanakipenda sana kifungu hicho, kila upande kwa sababu yake.

Hesabu ambayo familia haiifanyi

Turudi kwenye nyumba ya mbao. Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inapanga warithi wa mtu asiyeacha wosia hivi:

- Watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike sawasawa, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa kisheria: robo tatu ya urithi.
- Mjane au mgane: sehemu moja ya kumi na mbili.
- Baba na mama wa marehemu: sehemu moja ya kumi na mbili.
- Kaka na dada wa marehemu: sehemu moja ya kumi na mbili.

Mtu akisoma hapo mbio, atasema mjane ameonewa. Lakini kuna hatua inayotangulia. Wanandoa ambao hawakuchagua utaratibu mwingine siku ya ndoa wana ushirika wa mali walizochuma pamoja, kwa hiyo nusu ya walichochuma ni ya mama hata kabla urithi haujafunguliwa. Tuseme parseli ilinunuliwa ndani ya ndoa na ina thamani ya dola 24,000. Dola 12,000 ni za mama. Urithi ni zile 12,000 nyingine: watoto wanne wanagawana 9,000, kila mmoja 2,250. Mama anaongezewa 1,000, wazazi wa marehemu 1,000, ndugu zake 1,000. Mama anatoka na 13,000. Juu ya hayo ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake.

Baba mdogo naye hakukosea kabisa, maana ana haki ya kitu. Ila kitu hicho ni fungu lake ndani ya ile 1,000, agawane na ndugu zake wote.

Hesabu nzuri hii ina mlango mmoja, nao ni ndoa iliyoandikishwa. Mama aliyeolewa kwa mahari na baraka za kanisa tu, bila kupita komini, anaweza kukuta sheria haimhesabu kama mke. Katika Goma ya harusi zinazoahirishwa kwa sababu ya gharama na vita, mlango huo umewafungia wengi.

Mkubwa ni nani?

Ipo sababu nyingine ya kifungua mimba kujiona bwana. Sheria yenyewe inamtaja. Pasipo wosia, mrithi mwenye umri mkubwa ndiye anayekuwa msimamizi wa urithi, yaani mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Akikataa, warithi wenzake humchagua mwingine. Mahakama humthibitisha.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kutojua au kwa kujua sana. Kifungua mimba anarudi kutoka mahakamani na karatasi yenye mhuri na jina lake, anaionyesha kwa mpangaji, na kodi inaanza kuingia mfukoni mwake. Mwaka wa pili anatafuta mnunuzi. Wadogo zake wanaogopa mhuri, kumbe mhuri ule unampa kazi tu. Sheria haisemi mkubwa ni wa kiume. Kama wa kwanza kuzaliwa ni binti, usimamizi ni wake. Hilo likitajwa barazani, kwa kawaida kikao huahirishwa.

Cheti chenye jina la marehemu

Kinachobaki ni karatasi. Cheti cha usajili, kikishatimiza miaka miwili, hakishambuliki kwa urahisi mahakamani, hivyo ni ngao kubwa. Lakini kimeandikwa jina la baba, na baba amekufa. Kukihamishia kwa warithi kunahitaji amri ya mahakama, ada, na makubaliano, na familia nyingi hukosa angalau moja kati ya hayo matatu.

Wapo wasio na cheti kabisa, wenye hati ya mauziano iliyosainiwa na shefu wa kartie na majirani wawili. Wapo waliopoteza hata hiyo tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipokatiza mji hadi ziwani na kuzika karatasi pamoja na mawe ya mipaka. Walijenga upya juu ya lava iliyopoa, wakapima kwa kumbukumbu: hapa palikuwa jiko, kule ukuta wa jirani. Na mji unavyosogea kaskazini kwenye teritware ya Nyiragongo, himaya ya Bukumu, kipande kimoja huweza kuuzwa na mtu wa ukoo kwa desturi na kusajiliwa na mwingine ofisini.

Familia isipogawa, muda hugawa kwa namna yake. Mtoto akifariki, watoto wake huingia mahali pake na kugawana fungu lake. Katika ule mfano wetu, kama mmoja wa wale wanne atafariki akiacha watoto watano kabla ya chochote kugawiwa, sehemu ya kila mjukuu katika fungu hilo haitafika dola 450, maana mke au mume wa marehemu huyo, ndugu zake na mama yake nao wana vya kwao humo. Parseli yenyewe ni mita 15 kwa 20. Haikatiki vipande vyote hivyo. Mmoja lazima awalipe wengine, au wote wauze, na kwa vyovyote vile mnunuzi atataka kuona saini za wote, akiwemo yule aliyehamia Kampala na hapokei simu.